Toa Mguu Kwenye Mafuta

Gari letu lilikuwa linazima mikononi mwangu tu. Akikaa mume wangu kwenye usukani lilikwenda, likasimama, likaenda tena bila neno. Nikikaa mimi, tukifika kwenye taa nyekundu lilitetemeka, mshale wa mizunguko ya injini ukashuka, likakohoa mara moja, kimya. Nyuma yangu honi, mbele yangu taa imeshageuka kijani, na pembeni yangu mume wangu anatazama nje ya dirisha kwa uvumilivu. Kama kuna kitu kinachonipandisha hasira kuliko matusi, ni uvumilivu wa mwanamume huyu.

"Mguu wako mzito, mama," alikuwa akisema. "Klachi inataka upole. Na toa mguu kwenye mafuta. Ukisimama, mafuta ya nini?"

"Nimetoa."

"Basi umeachia klachi vibaya."

Nilikuwa sijaiachia klachi. Nilikuwa nimeikandamiza mpaka chini, gia imetoka, mguu wa kulia uko kwenye breki peke yake kama alivyonifundisha yeye mwenyewe. Lakini utabishana vipi na fundi wa magari juu ya gari?

Mimi ni mpiga pasi kwenye dobi kubwa inayofua mashuka ya hospitali na hoteli. Nimesimama kwenye vigae vilevile tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni, na sasa ana ndevu. Na mimi si mtu wa kusimama. Hata usingizini miguu yangu inatembea, mume wangu shahidi, kila asubuhi shuka liko sakafuni na yeye yuko ukingoni mwa kitanda. Kwa hiyo dereva wa gari la kusambaza mashuka alipoaga kwamba anarudi kwao, sikuweza kutulia tena. Bosi wetu, mama asiyezungusha maneno, alitukusanya wapiga pasi akasema atakayekuja na leseni kabla ya wiki kwisha, funguo ni zake. Asipopatikana, anampa mpwa wake. Mpwa tunamjua. Ana leseni, na ukitaja hiyo umemaliza sifa zake.

Nilizitaka funguo zile mpaka nikawa naona haya. Nilikuwa nikikunja shuka naiona barabara, nikikunja foronya naliona geti la hospitali likifunguliwa na mlinzi ananipungia mkono. Shida ni kwamba mtihani wa udereva nilikuwa nimeshafeli mara mbili, zote kwa kosa lilelile, gari kuzima likiwa limesimama. Hapa kwetu kila mtu anafanya mtihani kwa gari aliloleta mwenyewe, na ukifeli mara ya tatu jalada lako linafungwa mpaka mwakani. Mtihani wangu wa tatu ulikuwa Jumanne asubuhi.

Gereji mume wangu wanamwita Sikio. Watu huleta magari kutoka mbali, si ili ayatengeneze, ili ayasikilize tu. Anainamisha kichwa upande, anafumba macho, kisha anasema plagi, au beringi, au mkanda umelegea, na ukifungua unakuta ndivyo. Gari letu nalo alilisikiliza, mara nyingi, kwa sababu nilimsumbua. Alifungua boneti, akasimama pale mbele, akavuta kwa kidole waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedeli, injini ikanguruma vizuri, akafunga boneti.

"Gari zima hili," akasema.

Na kama hiyo haitoshi, alilipeleka gereji lile neno la mguu mzito. Sijui alilisema kwa nia gani, labda mzaha tu wa wanaume wakisubiri chai ichemke, lakini lilifika. Tangu hapo kila nikipita pale, fundi umeme wao, ambaye wanamwita Waya kwa wembamba wake na kwa kazi yake, alikuwa ananyanyua mguu juu na kuushusha polepole kama tembo anayetafuta pa kukanyaga. Wenzake wanavunjika mbavu. Mimi nami nilicheka, maana ukinuna ndiyo umewapa nafasi. Moyoni nilikuwa nachemka.

Jumatatu hiyo nilijiunguza. Nilikuwa napiga pasi huku nauwaza mtihani, na pasi haina subira na mtu anayewaza. Kiganja kikafura. Mume wangu alipokuja kunichukua jioni, jua bado lipo, siku nyingine zote ningeendesha mimi ili nifanye mazoezi. Siku hiyo nilimwambia aendeshe yeye, nikakaa kiti cha pembeni mkono wangu ndani ya kitambaa chenye maji.

"Mapumziko nayo ni mazoezi," alisema.

Sikutaka hata kuuona uso wake, kwa hiyo nikawa natazama chini. Hivyo ndivyo nilivyouona mguu.

Tulikuwa tumesimama kwenye taa za kwanza. Unyayo wake ulikuwa kwenye breki. Lakini ubavu wa kiatu, upande wa kidole kidogo, ulikuwa umelalia pedeli ya mafuta, unaibonyeza taratibu, unaachia, unabonyeza tena, kama mtu anayebembeleza mtoto asiamke. Mshale wa mizunguko ulikuwa umetulia tuli. Taa ikageuka, tukaondoka. Nilisubiri taa zinazofuata bila kupumua. Tukasimama, na mguu ukafanya vilevile.

"Fundi," nikamwita. Nyumbani namwita Baba Watoto. Nikimwita Fundi anajua kuna jambo. "Mguu wako unafanya nini?"

"Uko kwenye breki."

"Na ule ubavu?"

"Ubavu upi?"

Alinitazama kwa macho ya mtu asiye na hatia, na kweli hakuwa anajua. Hilo lilinichoma zaidi. Angekuwa ananidanganya ningejua pa kuanzia.

"Toa mguu kwenye mafuta," nikasema. "Ukisimama, mafuta ya nini?"

"Sijakanyaga mafuta, mke wangu."

"Basi huna cha kutoa. Sogeza kiatu chote kiende kwenye breki, nikione."

Akasogeza, kwa ule uvumilivu wake. Mshale ukashuka. Ukapanda kidogo, ukashuka zaidi. Usukani ukaanza kutetemeka, gari likakohoa mara moja, likazima. Taa ikageuka kijani.

Nyuma yetu zilianza honi. Akashika ufunguo, na nikaona mguu unarudi wenyewe kwenye mafuta, nikamzuia goti kwa mkono. "Hapana. Mimi uliniambia gari hili linawaka bila mafuta. Liwashe kama ninavyoliwasha mimi." Akawasha. Likawaka, likaguna, likazima. Akawasha tena, likafanya hivyohivyo. Gari moja likatuzunguka, dereva wake akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, mpishe mama aendeshe."

Nilicheka mpaka mkono ukaacha kuuma. Mume wangu hakucheka. Alikanyaga mafuta, akaliwasha, akalitoa barabarani na kulisimamisha pembeni, mguu wake ukilibembeleza, na safari hii macho yake yako kwenye mguu huo.

"Lori la mjomba," akasema. "Nilijifunzia lori la mjomba. Lilikuwa bovu, ukiliachia tu linazima, na yeye ananipiga bakora ya goti. Sikuwahi kuambiwa kwamba mtu anaweza kusimama bila kulilisha." Akapangusa uso. "Kumbe huu mguu umekuwa unanidanganya miaka yote."

"Mguu haukwenda gereji kunisema," nikamwambia. "Umekwenda wewe."

Akashusha kioo cha dirisha.

"Nimefeli mara mbili, Fundi. Nimerudi nyumbani mara mbili nikijiona mjinga, na wewe unanipa moyo kana kwamba mjinga ni mimi kweli. Umeniumiza. Na kesho asubuhi nalipeleka gari hilihili."

"Twende gereji," akasema.

Tulimkuta Waya anafunga sanduku lake la vifaa. Alipotuona akaanza kunyanyua mguu, akauona uso wangu, akaushusha nusu njia.

Mume wangu akafungua boneti. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye ule waya wa mafuta, tayari kuuvuta, na yeye mwenyewe akauona. Akaurudisha mfukoni. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba hata kule mbele, kila alipolisikiliza gari letu, alikuwa analilisha kwa kidole.

"Kaa ndani," akaniambia. "Liwashe, lipe mafuta kidogo tu lisizime. Kidogo sana."

Nikakaa. Akachomoa soketi ya nyaya kwenye kidude kidogo kilichojishikiza ubavuni mwa koo la injini, pale hewa inapoingilia. Mngurumo haukubadilika hata chembe. Akairudisha. Kisha akakigonga kidude kile kwa mpini wa bisibisi, tok tok, na injini ikapanda ghafla yenyewe, ikashuka tena.

"Imekwama," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachosema. Akaja dirishani kunieleza. "Ukitoa mguu kwenye mafuta, mlango wa hewa unafungwa. Injini nayo inataka kupumua. Sasa hii ni valvu ya pembeni, kazi yake ni kuiachia hewa kidogo gari likiwa limesimama. Ikiziba, injini inakosa hewa na kuzima. Aliye na mguu kwenye mafuta hawezi kujua, kwa sababu anaufungua ule mlango mkubwa kwa kiatu."

"Na aliyetoa mguu kama alivyoambiwa?"

"Ndiye analiona tatizo."

"Sema kwa sauti, Waya hajasikia."

Waya alijifanya anatafuta kitu ndani ya sanduku. Mume wangu akainama kwenye injini. "Valvu imeziba," akasema kwa sauti ya chini, na hakuongeza. Nikamwachia hapo. Nilitaka gari kwanza.

Nikazima injini, akatoa waya wa betri, akaanza kufungua. Skrubu moja ilitoka. Ya pili kichwa chake kilikuwa kimelika, bisibisi ikawa inateleza tu. Maduka ya spea yalikuwa yanashusha milango ya chuma, nikiyasikia moja baada ya jingine mtaa mzima, na mimi nazunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Ikikatika ile skrubu, valvu haitoki, na kesho nakwenda na ileile. Mume wangu akaigonga kwa nyundo ndogo, akaishika kwa koleo, akazungusha huku amefumba macho. Ikalia. Ikakubali.

Ile valvu haikuzidi ukubwa wa yai. Ndani ilikuwa nyeusi, masizi yameganda kama ya chini ya sufuria ya kuni, na kile kipini kinachotakiwa kuingia na kutoka kilikuwa kimesimama pale kilipokwama. Nilikiinamia nikakitazama. Kitu chenyewe ni hicho.

"Nipe," nikasema.

"Mkono wako umeungua."

"Nina mwingine."

Akanishikia, mimi nikapuliza dawa ya kusafishia, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikapuliza tena. Alinionya nisiipeleke dawa upande wenye umeme. Masizi yalitoka yakichuruzika hadi kwenye viwiko vyetu. Alisafisha na koo lenyewe kwa kitambaa, akakata gasketi mpya kwa karatasi yake maalumu maana ya zamani ilichanika, akafunga, akarudisha nyaya na betri. Waya alikuwa bado hajaenda nyumbani. Amekalia sanduku lake, anatazama.

Tukawasha. Injini ikapiga kelele kana kwamba mtu amekanyaga mpaka chini, ikashuka karibu izime, ikapanda tena.

"Umeliharibu."

"Linajitafuta. Betri tuliitoa, kumbukumbu zimefutika, sasa linajifunza upya lipumue kiasi gani. Tuliache lingurume hivi mpaka feni iwake na kuzima. Cha muhimu mafuta yasiguswe. Ukigusa, linajifunza vibaya." Akaingia kwenye kiti kusimamia zoezi. Mshale uliposhuka mara ya kwanza tu, ubavu wa kiatu ukaenda.

"Toka," nikamwambia.

Akatoka bila kubisha, nikakaa mimi. Nikapandisha miguu yote miwili kitini, nikaikalia. Nani aliyeniona mimi nimetulia? Lakini gari likishuka nilitulia, likitetemeka nilitulia, na kila mshale ulipoinama kitu kutoka kwenye nyonga mpaka unyayoni kilinivuta nikanyage, nikaing'ang'ania ngozi ya kiti kwa mkono mzima. Nje mume wangu alikuwa amesimama na mguu wake wa kulia unabonyeza udongo. Injini ikapanda kidogo kuliko mwanzo. Ikashuka kidogo kuliko mwanzo. Feni ikawaka, ikavuma, ikazima. Mshale ukasimama.

Nikawasha taa kubwa. Mshale ukayumba, ukarudi wenyewe. Nikawasha kiyoyozi, nikazungusha usukani, ukarudi tena. Hakuna aliyekuwa anaubembeleza.

"Sasa twende ukalale," mume wangu akasema. Sikulala, bila shaka. Shuka lilikuwa sakafuni kabla hajaanza kukoroma.

Asubuhi, mtahini alikuwa yuleyule wa mara mbili zilizopita, mtu mkavu anayetafuna kifuniko cha kalamu. Aliponiona alipumua kwa pua. Tukatoka getini, tukapita sokoni, nikarudi nyuma penye nafasi finyu, nikapandisha kilima. Kisha tukafika kwenye makutano makubwa, taa ikawa nyekundu.

Klachi. Gia nje. Breki. Mguu nikautoa kwenye mafuta.

Kimya.

Hakukuwa na mtetemo, wala kikohozi. Nilisikia muuza maji anaita upande wa pili wa barabara, nilisikia kifuniko cha kalamu kinatafunwa. Limezima, nikajua. Safari hii limezima bila hata kuaga. Yote yale, mkono ulioungua, masizi, usiku mzima wa kugeuka, na sasa mwakani. Machozi yalikuja kweli. Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo kuliwasha upya, vidole vimeshaushika, vinaanza kuuzungusha, ndipo nikautazama mshale. Ulikuwa umetulia palepale uliposimama jana. Injini ilikuwa inawaka. Ningezungusha ule ufunguo gari lingepiga ukelele wa chuma kwa chuma, na mtahini angefunga karatasi yake hapohapo.

Nikaurudisha mkono kwenye usukani, kidole kimoja kimoja.

"Mama," mtahini akasema, "unatafuta nini hapo?"

"Natafuta kelele, mzee. Nimeizoea."

Akanitazama. Akasogeza sikio kidogo kuelekea mbele, naye akasikiliza. Taa ikageuka, nikaondoka, na sikumbuki njia iliyobaki ilipita wapi.

Mume wangu alikuwa ananingoja nje ya geti, amesimama juani ingawa kivuli kilikuwepo. Nilimwonyesha karatasi ya kufaulu kupitia kioo. Akaingia kiti cha pembeni, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma yote hadi mhuri. Kwenye taa za kwanza nikaona mguu wake wa kulia unabonyeza zulia. Nikamwacha.

Nikapitia gereji kumshusha. Walikuwa wote nje, chai mkononi, na Waya, nadhani kwa mazoea tu, akanyanyua mguu. Nikasimamisha gari mbele yao, nikatoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha lingurume. Mume wangu alishuka. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kuvaa ovaroli. Badala yake alibaki pale, mkono wake juu ya boneti.

"Gari hili lilikuwa bovu," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya chini. "Mimi sikulisikia. Nimelibeba kwa mguu wangu siku zote hizo, nikadhani naliendesha. Aliyekuwa analiendesha ni yeye peke yake, na nikaja hapa nikamcheka mbele yenu. Kwa hiyo mambo ya mguu yaishe leo."

Waya aliushusha mguu wake chini, akatafuta pa kuweka kikombe.

Mume wangu akaja dirishani. Macho yalikuwa mekundu. "Huzimi upumzike kidogo?"

"Sizimi, Baba Watoto," nikamwambia. "Bosi ananingoja na funguo, na mashuka ya hospitali yanatoka saa hizi."

Nikaingiza gia, nikaachia klachi, kwa upole.